Noeli Bila Mlio wa Mchi

Mjukuu wangu Neema,

Tupo hapa kambini Juru. Babu yako bado anakohoa, na maharage yamekauka shambani.

Unauliza kwa nini nakukataza kununua sombe, kisamvu chetu, iliyosagwa huko Mbarara. Nilipokuwa msichana kule Kivu, tulipika chakula cha Noeli katika kibanda cha shambani, tukiwakimbia wenye bunduki. Nilipoinua mchi, mama alininong'oneza, "Usitwange, batatusikia." Akayafikicha majani ya muhogo kwa viganja. Yalibaki magumu hata baada ya kupikwa. Mdogo wangu akacheka: "Mama, leo tuko mbuzi!" Mama akamziba mdomo kwa kiganja chake cha kijani. Ilikuwa Noeli ya mwisho ya mdogo wangu.

Tia kitunguu, mawese na chumvi, uchemshe sana. Lakini twangia uani, majirani wote wasikie.

Bibi yako