Aliyeachia Kwanza

Kaka yangu Mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na unifikishie kwa shemeji na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wote mna nguvu, na kile kifua cha mtoto ulichokitaja kwenye simu kimepoa. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Mama ameanza tena kumaliza chakula chake, ingawa bado anapakua sahani moja ya ziada, halafu anairudisha kabatini kimya kimya bila kumtazama mtu. Mke wangu na mtoto wetu wanakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kaka, nimejaribu. Kila nikikupigia, mama anasogea karibu na kunyoosha mkono apewe na yeye, na haya ninayotaka kukuambia hayasemeki mama akiwa ubavuni. Kwa hiyo leo nimefunga duka mapema, nimefagia meza ya kukatia vioo, nimevuta kigoda cha baba. Nivumilie nikianzia mbali.

Nianze na mazishi ya baba, kwa kuwa hukuyaona. Sikulaumu, na wala hakuna aliyekulaumu mbele yangu. Mtaa mzima ulifunga. Hata mwenye duka la viatu, aliyenuniana na baba tangu ule ugomvi wa mtaro wa maji machafu, alikuja akabeba viti. Kinyozi jirani yetu aliombwa aseme machache. Akasema kwamba miaka yote yeye na baba walikuwa wakigawana wateja: yeye anawaharibu vichwa, baba anawauzia kioo wajionee. Watu wakacheka, halafu yeye mwenyewe akashindwa kuendelea, akakaa chini na kofia usoni. Tulipokuwa tunarudi nilijikuta nikitazama madirisha tu. Shule, zahanati, posta, nyumba ya yule mama mwenye bata. Sikuona kioo ambacho hakikupita mikononi mwake, au mwetu yeye akiwa amesimama nyuma yetu anafoka.

Ugonjwa ulianzia mkono wa kulia. Unajua alivyokuwa akikata: anapitisha kikata kioo mara moja tu, kichwa kimeinama anasikiliza, na kioo kikilia vile anavyotaka anatabasamu kabla hata hakijaachana. Basi nikaanza kusikia mlio unakatika katikati. Akasema kikata kimechoka. Nikanunua kipya. Akasema vioo vya siku hizi ni uchafu mtupu. Baadaye akaacha kusema, akawa anakaa mbele anapokea wateja na kunituma mimi ndani. Mdomo lakini haukupoa. Yule bwana anayegombana na mkewe mpaka madirisha yanapasuka alipokuja tena, baba alimpokea kwa mikono miwili, akamwambia, “Karibu sana, na tafadhali usipatane naye bado, mjukuu wangu hajamaliza shule.”

Halafu asubuhi moja akaanguka bafuni. Aliporudi kutoka hospitali, nusu ya mwili ilikuwa haimtii, na kumbukumbu zikawa zinakuja na kuondoka. Siku nyingine alijua kila kitu, mpaka kipimo cha dirisha la jikoni kwetu. Siku nyingine alimwamkia mama kama mgeni na kumwuliza amekuja kuchukua fremu gani. Mama alikuwa anajibu, “Ile ya duara,” ili asimwaibishe, kisha anatoka nje.

Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Nikiisugua ile mikono yenye makovu nilikumbuka alivyokuwa akirudi jioni tukiwa wadogo. Hakuruhusu mtoto amsogelee. Anavua shati uani, analikung’uta, anakung’uta viatu, ananawa mpaka viwikoni, anapitisha kitambaa kwenye nywele, ndipo anapanua mikono na kusema, “Haya, nileteeni kelele zenu.” Wewe ulikuwa unafika wa kwanza kwa kuwa miguu yako ilikuwa mirefu. Tulikuwa watoto wa mwuza vioo, kaka, na ndani ya nyumba ile hatukuwahi kuchomwa na chembe hata moja.

Sitaki kumpaka rangi. Baba alikuwa mkali, na neno “samahani” halikuwahi kupita kinywani mwake. Akimkosea mama, jioni atakuja na matunda. Atayaweka mezani, atasema “kuleni,” na kwake yeye mambo yameisha.

Sasa nisamehe, lazima niiguse ile siku. Najua huipendi. Kile kioo kirefu cha saluni: wewe umeshika upande mmoja, baba mwingine, mnakitoa dukani, na mwenye saluni amesimama pale nje anawatazama, yeye ambaye alikuwa amebakiza kidogo tu awe baba mkwe wako. Mimi nilikuwa ndani nachanganya gundi ya madirisha, nikasikia kishindo. Nilipotoka, vipande vilikuwa vimetapakaa mpaka barabarani, na baba amekunyooshea kidole mbele ya yule mzee na mbele ya wapita njia, anasema, “Mtu huyu hata kioo hawezi kushika. Atashika nyumba?” Ulimtazama tu. Uchumba ukavunjika kabla ya wiki kwisha, na wewe ukapanda basi.

Kitu ambacho hukujua ni kwamba jioni ile baba alikuja na kikapu kizima cha matunda. Akakiweka mezani. Safari hii hakusema “kuleni,” na mama hakuyagusa. Yalioza palepale, sisi tunakula pembeni yake. Tangu hapo hakukutaja. Ulipopiga simu alijifanya anasoma gazeti, ila mama akishakata alikuwa anauliza, bila kuinua macho, “Anakula vizuri?”

Sasa nifike kwenye lililonikalisha hapa.

Ilikuwa mchana, siku chache kabla hajatutoka. Mama alikuwa uani anaanua mashuka. Nilikuwa nimekaa kitandani namlisha uji kwa kijiko, mara akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Akanitazama usoni, akasema, “Mkubwa. Umekuja?”

Nikamwambia, “Hapana baba, ni mimi, Mdogo.”

Akatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa jambo la kipuuzi. Akasema, “Mdogo yuko dukani. Yule hatoki dukani. Mwache afanye kazi, nina neno na wewe.”

Nilitaka kubisha. Kaka, miaka yote hii ni mimi niliyekuwa hapa. Lakini macho yake yalikuwa yananiomba, na baba yetu hakuwa mtu wa kuomba. Nikarudisha kijiko bakulini, naye akadhani nimekubali. Akaniambia kwamba kile kioo hukukiangusha wewe. Ukingo ulimkata kidole, akaachia upande wake. Akasema, “Mimi ndiye niliyeachia kwanza. Wewe ulibaki umeshika. Niliwaona wale watu wananitazama, nikaona aibu, nikakutupia wewe.” Akavuta pumzi, halafu akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Alisema, “Nisamehe, mwanangu.”

Nikasikia sauti ikitoka kifuani mwangu, nzito, ya polepole kama yako. Nikamwambia, “Yamekwisha, mzee. Nilishasahau.” Akauliza kama utarudi nyumbani. Nikasema, “Si nimeshakuja?” Akaniachia mkono. Uso wake ukalegea, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu aanguke.

Mama alipoingia na mashuka alimwona alivyotulia, akaniuliza kumetokea nini. Hapo ndipo nilipoongeza la pili. Nilimwambia umepiga simu, nikaiweka sikioni mwa baba, mkazungumza, mkapatana. Mama alikaa chini na yale mashuka mapajani akalia kwa furaha, na mpaka leo kila anayekuja kutoa pole anasimuliwa. Ndiyo maana siku ya mazishi alikushukuru kwenye simu kwa “maneno yako mazuri kwa baba.” Nilikuwa nimesimama karibu. Nakushukuru kwa kunyamaza.

Baada ya hapo baba hakusema tena neno la kueleweka.

Nimekuandikia ili nikupe kilicho chako. Ulibaki umeshika, kaka. Alijua, na alilisema kwa kinywa chake. Hilo ni lako, na nimekaa nalo wiki hizi zote kama mtu aliyeokota mzigo wa mwenzake. Msamaha nao ulikuwa wako wewe kuutoa au kuunyima, na mimi niliutoa bila kukuuliza. Ningeweza kukupigia simu kweli. Niliogopa ungesema hapana.

Kama umemsamehe, nijulishe nipumue. Kama hujamsamehe, sitakuja juu, maana si mimi niliyefedheheshwa barabarani. Ila niandikie mimi, kwa anwani ya duka. Mama usimwambie.

Duka nimeamua kuliendesha. Naweza, na wateja wamenizoea. Jambo moja tu linanisumbua nikiwa peke yangu hapa na vioo: kila mara nikitaka kumlilia baba, nakumbuka kwamba nilimuaga kwa sauti yako. Kwa sauti yangu mwenyewe bado sijamuaga.

Wabusu watoto kwa niaba ya baba mdogo wao ambaye hawajamwona. Shemeji mwambie mama anamwombea kila siku. Ukipata nafasi ya kuja, hata ya siku mbili, njoo. Kitanda chako kipo, na tutakwenda kaburini wote wawili, wewe na lako, mimi na langu.

Nakutakia afya na amani wewe na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi mdogo wako.