Kibao cha Mninga

Jumatatu, 8 Machi 1954
Kizungu cha Temeke nzima kinaning'inia kwenye kazi ya mikono yangu. Kile kibao anachovishwa shingoni anayenaswa akisema Kiswahili shuleni – nimekichonga mie. Mninga mtupu. DC wa Lindi alikalia kiti changu akasinzia, kesi ya watu wawili ikaahirishwa. Kibao ni nini kwangu? Na anayefundisha Kizungu chenyewe ni mpwa wangu Gaspar, mwaka wa pili kazini. Ukoo umekamilika.

Jumatano, 10 Machi
Kinyaa. Gaspar kaacha kazi. Yuko uani kwangu saa tatu asubuhi, kavaa msuli, anamenya muhogo na mama yake. Nikamwambia ualimu haumwagwi kama uji uliochacha. Dada yangu Rosalia akadakia: kaka, muulize kwanza walimvisha nini.

Kibao changu! Darasa halikuelewa somo, akalifafanulia kwa Kiswahili, hedimasta akasikia dirishani. Gaspar akakaa nacho shingoni mpaka kengele, wanafunzi wake wanamtazama. Watoto nao hawafungui tena mdomo, wanakiogopa.

"Mjomba, mie sifundishi lugha. Nafundisha kunyamaza."

Mwalimu mwenzake Fransis alishakimbilia ukarani bandarini. Nimetema mate. Mwalimu mzima, kafungwa kamba kama mbuzi wa mnada.

Alhamisi, 11 Machi
Nimekwenda shuleni, na koti langu. Nyumbani nimewaambia: nimemkalisha kitako hedimasta kwa Kizungu mpaka akafuta jasho. Kibao kitachomwa moto, Gaspar arudi Jumatatu.

Rosalia: kasema hivyo kweli, kaka?

Nikamjibu mambo ya Kizungu hayana tafsiri. Gaspar katoa kaptura yake nyeupe, kaomba mkaa wa pasi.

Ijumaa, 12 Machi
Tarishi wa shule kaleta ubao wa mninga. Eti hedimasta anashukuru nilivyokubali jana. Vibao vitatu vingine, vya walimu. Kamba ziwe ndefu kidogo.

Gaspar kasimama mlangoni, kaptura mkononi, imenyooka kwa pasi.

"Mjomba, alikwambia nini hasa?"

Najifanya naandika vipimo. Hajaondoka.

Jana yule hedimasta hakutamka Kiswahili hata kidogo. Zilikuwa saa za shule. Kizungu kilimtoka kama maji ya bomba. Kila aliponyamaza, mie nikasema yesi sa. Sikuelewa hata neno moja.