Cheti cha Kifungua Mimba Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshona sketi nne za shule, ya tano nimeishona kombo. Simu ndiyo iliyonivuruga. Mtu wa ofisi ya vitambulisho, sauti ya upole, anasema binti yangu ameomba kitambulisho. Niende Ijumaa kuthibitisha kwamba mimi ndiye mama yake. Binti yangu! Kifungua mimba wangu alizikwa ana miaka miwili. Mwaka huu angetimiza kumi na minane. Nimemwambia nitakuja.

Jumanne, 4 Machi
Nimetoa cheti chake cha kuzaliwa kwenye droo ya cherehani. Huwa nakitoa kila mwaka siku yake ya kuzaliwa, nakisoma, nakirudisha. Leo nimekipeleka dirishani. Muhuri mweusi. Ulikuwa wa buluu — hii ni fotokopi! Sijui ni miaka mingapi nimekuwa nikibusu fotokopi.

Droo hiyo tunaijua wawili tu, mimi na mdogo wangu. Nimempigia. Ameangua kilio. Binti yake Chiriku alizaliwa nyumbani, hakuandikishwa. Shule ilidai cheti, ofisini kila siku njoo kesho. Basi akachukua cha mwanangu. Anasema kilikuwa kimekaa tu, hakina kazi. Nimemkatia simu.

Jumatano, 5 Machi
Mdogo wangu amekuja, amekaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Chiriku amefaulu mtihani wa mwisho kwa jina lile, chuo cha uuguzi kinamsubiri. Nikisema mwenye jina amekufa, matokeo yatakuwa ya nani? Ananiomba niseme ndiyo. Neno moja tu.

Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini na mimi nina langu: sikuwahi kuandikisha kifo. Sikuweza. Nilimwacha wazi, mwenye haja akapita. Nina hasira na mdogo wangu na nampenda, vyote kwa pamoja.

Alhamisi, 6 Machi
Chiriku amekuja peke yake. Huyu ambaye mdomo wake haujui likizo, leo mikono ndiyo inayofanya kazi. Ameshika sketi, ananitolea nyuzi. Mwishowe: mama mkubwa, sikujua alikuwa mtu. Nilidhani ni jina tu la shule.

Akauliza alikuwaje. Nikamwambia alipenda vifungo, hakulala bila kimoja mkononi. Miaka kumi na sita sijamsimulia mtu. Tumecheka, tumelia. Amesema kesho tuseme ukweli, hata kama atarudia shule. Nimemkumbatia. Nilitaka pia kumkataza.

Ijumaa, 7 Machi
Niko benchini, ofisini kwao. Naandika kwa penseli. Afisa ametusikiliza, hakufoka. Anasema cheti cha marehemu kisichofungwa kwa cheti cha kifo huzunguka: leo ndugu, kesho tapeli anakopea. Kwanza niandikishe kifo, ndipo Chiriku aombe cheti chake. Matokeo? Ataandika barua, haahidi. Mdogo wangu ataitwa kuhojiwa.

Tumepewa namba na fomu ya kifo; inataka wino, mimi nina penseli, nimempa Chiriku. Penye jina la marehemu ameandika harakaharaka, majina yote matatu, bila kuniuliza, kwa mwandiko wa madaftari yake. Kisha akasoma alichoandika.

Sasa kalamu imesimama penye tarehe ya kifo. Ananitazama. Namba yetu inaitwa —