Pipa la Chuma na Sufuria Mpya

Jumanne, 1 Machi 1966

Wazee wamemaliza. Mama mkwe alisema tumbo langu ni shamba la chumvi, haliotesHi kitu. Mume wangu Wandera akatazama viatu vyake. Basi Mzee Okwara akaamua kama ilivyo desturi: mke aondoke na kile alichokuja nacho.

Nilikuja na nini? Nikasema pipa langu. Lile la chuma, baba alinipa nilipoolewa, la kuwekea mahindi. Walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Mwalimu mzima, anarudi na pipa la kutu!

Wacheke tu. Wamesahau ni nini kilikuwa kinapikwa ndani yake.

Jumatano, 2 Machi

Chumba cha kupanga, Amukura, karibu na shule. Kitanda, meza, taa. Pipa liko nje ya mlango, kuku wa jirani wamelipanda tayari.

Ile sabuni ni yangu. Lazima niiandike mahali, hata kama ni hapa tu. Nilijifunza chuoni, nikamfundisha Wandera kwa mikono yangu: mafuta ya pamba kutoka ng'ambo ya mpaka, kostiki soda, ile soda kali inayounguza ngozi, kutoka duka la Sulaiti pale Busia, moto, mwiko mrefu. Na pipa la chuma. Siku zote chuma. Hakuwahi kuniuliza kwa nini chuma, nami sikumwambia. Leo Busia nzima inaiita sabuni ya Wandera. Akinawa uso anaisahau mikono iliyompa povu.

Na Akiror, mke wake mpya, ameingia nyumbani kabla sijakunja shuka zangu. Tayari ana mimba. Namchukia. Namchukia Wandera zaidi.

Jumatatu, 7 Machi

Darasa la saba leo: elementi na kampaundi. Niliwaambia sodiamu peke yake ukiitupa majini inawaka. Klorini peke yake ni hewa ya sumu, iliua askari vitani. Hizo mbili zikiungana, unapata chumvi ya mboga. Walikataa kuniamini. Hata mimi nilikataa nilipokuwa chuoni.

Amoit, yule wa dawati la mbele, akauliza kama zikishaungana zinaweza kutengana tena. Nikasema zinaweza, lakini si kwa kuchagua kwa vidole kama mtu anayechambua maharagwe. Inataka nguvu kubwa, na joto. Nikawaza wale wazee. Walidhani wataniokota mimi upande huu na Wandera upande ule, kila mtu na chake. Soda ikishaingia kwenye mafuta hakuna tena soda wala mafuta. Nitaitoa wapi ile miaka yangu?

Mwishoni nikawakaririsha: soda kali ikikurukia mwilini au machoni, dawa ni maji. Si mafuta. Si maziwa. Maji mengi, tena kwa muda mrefu, usiache hata ukiona nafuu. Waliimba vizuri.

Jumatano, 9 Machi

Sulaiti alipita na lori lake, akanisalimia hapa mlangoni. Anapenda umbea kuliko biashara, na leo nimembariki kwa hilo. Anasema Wandera amenunua sufuria kubwa kule Malaba. Alumini! Inang'aa kama kioo. Eti lile pipa langu lilikuwa linamtia aibu hata hivyo. Na Jumamosi amealika wafanyabiashara wa Malaba waje waone sabuni ikipikwa mbele ya macho yao.

Nilijifanya nafukuza kuku, nisimcheke usoni.

Alumini na kostiki soda! Soda inaila. Inaanza kuchemka yenyewe, hata kabla ya moto. Sufuria inageuka nyeusi, inatoboka, na hewa ya haidrojeni inatoka humo kwa fujo. Moto ukiwa chini, inashika. Namwona Wandera na koti lake, mwiko mkononi, mchuzi wake ukimiminika kwenye majivu mbele ya wageni. Namwona mama yake. Shamba la chumvi, sivyo? Basi wailambe.

Niliimba nikiosha vyombo.

Alhamisi, 10 Machi

Nimelala vizuri. Mara ya kwanza tangu Krismasi.

Ijumaa, 11 Machi

Akiror alikuja.

Kwa miguu yake. Kwao ni hapa Amukura, alikuwa amekuja kumwona mama yake. Alisimama nje na tumbo lake, akapiga hodi kama mtoto wa shule. Nilitaka kumfungia mlango. Nikamkaribisha, sijui kwa nini.

“Mwalimu, naomba unifundishe,” akasema. “Wandera anasema kesho mimi ndio napika. Yeye atakuwa na wageni.”

Nikamuuliza, hatakoroga mwenyewe?

“Anasema moshi itaharibu koti.”

Siku zote alikuwa anakoroga yeye. Siku zote! Nilipanga kila kitu na yeye amesimama pale.

Akaendelea: alimwomba Wandera aazime pipa langu la kupikia, akaambiwa asinitaje. “Lakini mimi nimekuja tu, dada. Hii pipa yako, ukiniazima kesho peke yake?”

Nikamwambia pipa lina kutu. Sufuria mpya ni safi zaidi. Nilisema polepole, kama ninavyosoma imla.

Akauliza kama kuna ubaya akiinama karibu, maana macho yake hayaoni mbali. Nikasema atazoea.

Alishukuru. Wakati wa kutoka aliona kuku wamechafua pipa, akawafukuza, akalifuta kwa leso yake, polepole, na lile tumbo. Hakuna aliyemwomba alifute. Nimekasirika naye mpaka sasa.

Jumamosi, 12 Machi

Naandika magotini, Busia, barazani kwa Sulaiti. Ua wa Wandera uko ng'ambo ya barabara. Nimekuja kutazama. Nina haki ya kutazama.

Wageni wamekaa kwenye viti vya kukodi. Mama mkwe amevaa kitambaa kipya. Wandera na koti, anaongea kwa mikono. Ameniona, akanipungia kama mtu anayemsamehe mwenzake. Anisamehe mimi! Nataka ile sufuria itoboke. Nataka itoboke mbele yao wote.

Sulaiti anashangaa kwa nini nimebeba debe la maji kwenye lori lake toka Amukura, na yeye ana bomba hapa dukani. Nimemwambia huwa nasikia kiu. Debe zima, anasema. Nimemwambia kiu yangu ni kubwa. Sijanywa hata tone.

Akiror amemimina maji kwenye sufuria. Hanioni, nipo mbali mno kwake. Sasa anafungua mkebe wa soda. Wandera amesogeza kiti chake nyuma, moshi usimfikie.

Ameinama.

Sulaiti ananiuliza mbona nimevua viatu na kulivuta debe karibu