Vijiti vya Rimoti ya Mwanangu

Jumanne, 4 Machi

Imepaa! Droni ya mwanangu imepaa! Asubuhi hii, hapa uani. Imeinuka mpaka usawa wa magoti yangu, halafu ikapinduka chali kama mende. Lakini imepaa! Kaiunda mwenyewe, waya kwa waya, kwenye meza yetu ya chakula. Mtaa huu nani mwingine ana mtoto wa hivyo? Ajitokeze.

Nimechoka. Mashuka ya hospitali leo yalikuja mlima mzima, na pasi kubwa imekufa tena. Miguu imevimba. Lakini pale dobi niliwasimulia wote. Huenda nilisema imepita juu ya paa. Huenda.

Jumatano, 5 Machi

Imeanguka tena, panga moja, lile linalozunguka juu yake, limekatika. Droni yenyewe haina kosa. Ni ule mkono wake wa kulia. Tangu msumeno wa karakana ya mbao ulipomkata, unatetemeka, hata kijiko kinagonga sahani. Na kijiti cha kulia cha rimoti ndicho kinachoipeleka droni mbele, nyuma, pembeni. Mkono ukitikisika kidogo tu, droni inaruka kama imeumwa na siafu. Anasema vijiti ni vikali mno, lazima avipunguze ukali kwenye kompyuta.

Nikamwambia si upunguze basi!

"Mama, hii si chumvi."

Nimecheka peke yangu jikoni. Tangu aumie alikuwa hanitanii tena, huyu.

Ijumaa, 7 Machi

Rafiki yake fundi redio, tunayemwita Waya, kaleta panga jipya. Kaitazama droni inavyoyumba, akauliza hiyo ni droni au feni iliyotoroka darini. Halafu akatoa shauri: kazi ya kijiti cha kulia ihamishiwe cha kushoto, mkono mzima ubebe. Rahisi tu, anasema, wengi wanafanya.

Mwanangu akakataa. Nataka mkono huuhuu, akasema. Waya akachukua bisibisi, akaanza kufunga panga jipya. Mimi nikajifanya natafuta mfuniko wa sufuria.

Jioni akapita wifi yangu. Ndiye aliyesema mbele za watu kwamba mwanangu sasa ni wa kukaa na kulishwa tu. Leo akauliza, "Mgonjwa hajambo?" Mgonjwa! Nikamwambia njoo Jumapili ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita, umwone mgonjwa anarusha ndege. Hata sikumuuliza mwenyewe kwanza. Ulimi wangu huu!

Jumapili, 9 Machi

Nataka niandike vizuri, ingawa macho yanajifumba.

Siku nzima anapunguza ukali wa vijiti, anajaribu, inaanguka, anapunguza tena. Alipozidisha, droni ikawa nzito kama ng'ombe aliyeshiba, anasukuma kijiti na yenyewe haitaki kugeuka. Akarudi kwenye kompyuta. Mwishowe akaona: alainishe katikati tu. Kijiti kikicheza kidogo, droni isijali. Kikisukumwa mbali, itii.

Akaniita. Akasema niweke mkono wangu juu ya wake, nisikie. Nikauweka. Ulikuwa unatetemeka vilevile, kama kifaranga kwenye kiganja. Nikatazama juu. Droni imetulia. Imetulia tuli pale hewani, juu kidogo ya kichwa changu, kama imetundikwa kwenye msumari.

"Haisikii, mama," akasema. "Haijui kama natetemeka."

Sikulia. Mapanga yale yanatimua vumbi sana.

Jumatatu, 10 Machi

Ningenyamaza vipi? Nimemwalika msimamizi wetu wa dobi. Na wapiga pasi wote wawili. Na dada yangu, ambaye naye kamwambia kila aliyekutana naye. Mpaka jirani mwenye mbwa anakuja. Kichwa kinauma. Kesho nitamwambia mwanangu.

Jumatano, 12 Machi

Sikumwambia. Dada kamwambia! Kapiga simu kuuliza kama viti vitatosha.

Narudi kazini nimechoka kama gunia, namkuta amekaa mezani, droni mbele yake, mikono mapajani.

"Umewaita watu waje kuangalia mkono wangu?"

Nikasema hapana, baba, waje kuangalia droni!

"Na droni inaendeshwa na nini, mama?"

Akabeba kila kitu chumbani kwake. Chakula hakukigusa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kuwaambia wasije. Msimamizi kaelewa, kasema atafuata vyovyote nitakavyoamua. Dada kanuna. Nikaenda kwa wifi. Akashika kiuno. Aa, akasema, kumbe hairuki!

Damu ikanichemka. Inaruka, nikasema. Inaruka na utakuja, na mwenzio mlete!

Mungu wangu. Nilikwenda kufuta, nikaongeza.

Mlango wa chumba chake bado umefungwa. Naongea na ubao.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika nyumbani hata viatu sijavua. Yuko uani. Droni iko hewani, inakwenda polepole mpaka ukutani, inageuka, inarudi. Hakunitazama.

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia ukitaka, kesho napita nyumba kwa nyumba, nawaambia mimi ndiye mwongo. Na wifi yangu nitaanza naye.

Akaishusha. Ikatua taratibu, bila kudunda hata kidogo. Halafu akauliza ni wangapi.

Nikamwambia. Akafumba macho.

"Watasimama nyuma yangu," akasema. "Wote. Asije mtu mbele."

Nikasema sawa, baba.

"Na wewe pia, mama. Nyuma."

Nikasema sawa.

Nimefagia uani. Nimevuta benchi, nikaliweka nyuma ya pale anaposimama. Kisha nikalisogeza nyuma zaidi. Sijui kama panatosha. Kutoka pale mgongo wake unaonekana, na anga. Mikono haionekani.

Hajasema ndiyo. Wala hajasema hapana. Wanakuja Jumapili, saa kumi jioni, wote.