Bakuli la Kanali

Kaka,

Salamu utazikuta mwishoni, kama hasira zitakuwa zimeniisha. Mama hajambo. Cherehani yangu imetengenezwa. Sasa tuzungumze habari za mbwa wako.

Ulimwambia Mama kwenye simu kwamba Kanali anakojoa ndani kwa sababu anakunywa maji mno, basi anyimwe. Mama, kwa jinsi anavyokuamini, akaficha bakuli. Juzi nikamkuta mbwa kaingiza kichwa kwenye ndoo ya kudekia, anakunywa maji ya sabuni huku akitikisa mkia. Nililia kwa hasira.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alilipapasa lile tumbo unaloliita kitambi cha uzee, akatazama mgongo ulionyonyoka manyoya, akasema huenda ni ugonjwa wa Cushing: mwili unatengeneza homoni kupita kiasi, ndiyo maana kiu haimwishi. Lazima apimwe damu kwanza. Akikutwa nao, atakunywa dawa maisha yake yote. Hatapona, ila atapata nafuu.

Nilipokupigia kukuuliza kama apimwe, ukajibu, "Huyo kazeeka, mwache tu." Nimwache mimi? Aliyemwacha ni wewe!

Kesho nampeleka kupimwa, na sikuombi ruhusa. Bakuli limerudi jikoni, na Mama mwenyewe ndiye anayelijaza.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: ukipiga simu, Kanali akisikia sauti yako tu, anayaacha hayo maji na kiu yake yote, anakwenda kukungoja mlangoni.

Salamu bado sina.

Dada yako