Sufu kwa Visigino vya Chiriku

Chumba namba 4, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha mkate.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Chiriku wangu,

Hujambo, mwanangu? Na mama yako, mdogo wangu, presha imetulia? Mimi ni mzima, kasoro masikio, nayo siyalaumu; yamesikia mengi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema uuguzi unaupenda ila miguu imegoma: viatu vipya vya wodini vimekuchubua visigino, na hali ikiendelea hivi utaacha kazi kabla muda wa majaribio haujaisha. Subiri kwanza.

Mwaka jana, nilipopata kazi ya kuvusha wanafunzi barabara, nilipewa viatu vigumu kama mbao. Siku ya nne nikawa natembea kama bata, na watoto wakanibandika jina hilo hilo. Jirani yangu mfumaji akanipa konzi ya sufu ghafi, yenye mafuta ya kondoo bado. Mimi na usafi wangu, unanijua, nikaichemsha kwa sabuni. Ikashikamana, ikawa ngumu kama kizibo, ikanichubua upya. Nilipomwonyesha alicheka hadi akashika ukuta.

"Mzee, mafuta ndiyo dawa yenyewe. Umeyamwaga na maji."

Basi nimekutumia kifurushi cha sufu hiyo hiyo, na tafadhali usiioshe. Chambua kipande kidogo kwa vidole mpaka kiwe chepesi kama moshi, kitandaze kisiginoni panapoanza kuwasha, ndipo uvae soksi. Ukijaza mno, kiatu kitabana. Palipokwisha kuchubuka pafunge kwanza, kama unavyowafunga wagonjwa wako. Nina miezi minane sijaona lengelenge, na jina la Bata limekufa.

Kuna jambo sijawahi kukuandikia. Tulipokimbia nyumbani mama yako alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitembea siku tisa kwa viatu vya marehemu baba yetu. Kila tulipopumzika nilimvua viatu, nikatazama visigino vyake, na sikuwa na hata kitambaa cha kuweka katikati. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.

Nisalimie shangazi yako mshonaji na wale mapacha wake watundu. Mungu akulainishie kila sakafu utakayoikanyaga.

Kifurushi kina mafungu mawili. La pili mpe mama yako. Mwambie ni lake, nimelichelewesha miaka thelathini na sita.

Ni mimi nikupendaye,
Mjomba wako